Maneno Ambayo Hayakuwa Kwenye Karatasi

Upande wa kushoto wa jukwaa aliuita bustani, na upande wa kulia aliuita ua. Ndilo somo la kwanza alilotupa Direkteri, mkuu wa kundi letu la maigizo, katika ukumbi wa parokia, mwezi ule ambao Bukavu ilikuwa imeingia tena mikononi mwa watu wengine wenye bunduki. Alikuwa amevaa skafu shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Bustani hatukuiona. Upande huo kulikuwa na vyoo vya parokia, na upande wa ua kulikuwa na ukuta wenye matundu ya risasi. Mwigizaji mmoja aliuliza majina hayo yametoka wapi. Direkteri akaeleza kwamba zamani, kwa mfalme wa Wafaransa, watu walicheza mchezo katika ukumbi uliokuwa kati ya bustani na ua.

"Sasa sisi, Papa Direkteri," yule mwigizaji akasema, "tuseme mufalme anaingilia kwa choo?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa mtu wa kutocheka.

Mimi sikuwa mwigizaji. Nilikuwa mshonaji, na nilisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, basi. Waliniita niwashonee pazia, nikaenda kwa sababu saa sita walitoa sahani ya wali na maharage. Nasema hivyo mapema ili mtu asifikiri nilipenda sanaa. Pazia lilipokwisha nilibaki kwa ajili ya sahani ileile. Siku moja Direkteri alinisikia nikimsomea mwigizaji mmoja karatasi yake, akasema nina sauti nzuri, inafika hatua nne na haifiki ya tano. Akaniweka kuwa sufleri. Sufleri ni mtu anayekaa pembeni nyuma ya pazia, mahali wanapopaita kulisi, ameshika maneno yote ya mchezo. Mwigizaji akisahau, sufleri anamnong'onezea. Watu wakipiga makofi, sufleri hatoki kuinama mbele yao. Kazi hiyo ilinifaa, kwa kuwa nilikuwa na sababu zangu za kutotaka kutazamwa.

Mume wangu alikuwa anapeleka chumvi na sabuni kwa wachimba dhahabu wa Shabunda. Alikwenda kwa miguu pamoja na wenzake, wakipitia Mwenga, na kurudi na mawese. Vita vya pili vya Kongo vilipoanza hakuacha, kwa sababu ndivyo tulivyokula. Katika safari ya mwisho alirudi mwenzake mmoja tu. Alikaa kwenye kiti changu akanieleza kwamba walipigwa risasi wakivuka mto, mume wangu akaanguka na mzigo wake mgongoni, na yeye akakimbia bila kugeuka. Hakujifanya shujaa. Namheshimu hadi leo kwa hilo. Alipoondoka nilijua kwamba nimekuwa mjane.

Lakini kujua peke yangu hakukutosha. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, anazikwa kwa mgomba. Mkubwa wa familia anakata shina la mgomba, linavikwa shuka jeupe, linaitwa kwa jina la marehemu, linaliliwa na kufukiwa. Hapo kilio kinaanza, na kikianza kinaweza kwisha. Mjane ananyolewa, watu wanakuja kuketi naye chini, na siku yake ikifika anasimama. Bila mgomba hakuna kilio. Na wa kuukata alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye alikaa Mudaka, na alikataa.

Nilikwenda kwake mara tatu.

"Kuanguka haiko kufa," aliniambia mara ya kwanza. "Hata mimi nilianguka mara mingi."

Mara ya pili alisema barabara ya Shabunda imefungwa, tungoje ifunguliwe. Mara ya tatu nilipiga magoti.

"Shemeji, mwaka na nusu imepita."

"Batu banarudi kisha myaka tano. Unataka nizike mudogo wangu muzima? Akirudi akute kaburi yake nyuma ya nyumba yangu, nitamwambia nini? Nilichoka kukungoja?"

Basi nikarudi mjini. Sokoni waliendelea kuniuliza kama bwana amesharudi, na mimi niliendelea kujibu bado. Nilichoka na neno hilo kuliko njaa. Sikutaka kitu kingine duniani: shina la mgomba, na mkono wa shemeji yangu ukitupa udongo.

Katika hali hiyo ndimo nilimokuwa naketi kulisi kila siku nikimsikiliza Direkteri akifundisha kulia.

Alitoka katika familia moja ya Nguba, mtaa wa matajiri, nyumba yenye majani yaliyokatwa vizuri hadi kwenye maji ya ziwa. Walimpeleka Ulaya miezi mitatu kujifunza teatri, akarudi na maneno. Mwigizaji asiwape watazamaji mgongo. Sauti ifike safu ya mwisho. Kati ya jukwaa na watu kuna ukuta usioonekana, na mwigizaji asiuvunje hata kwa jicho. Kilio kina ngazi tatu, pumzi, bega, sauti, na anayeanza na sauti ni mshamba. Binti aliyecheza mjane, mwanafunzi wa chuo mwenye meno mazuri na kichwa kisichoshika kitu, alirudia ngazi hizo asubuhi nzima: pumzi, bega, sauti, pumzi, bega, sauti. Alikuwa kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli. Kisha Direkteri akanigeukia.

"Maman Sufleri, wewe uko mujane. Tuoneshe kidogo vile munalia kule kijijini."

"Mi sina kilio, Papa Direkteri."

"Namna gani huna?"

"Bado."

Akapuliza pumzi kwa pua, akaandika kitu katika daftari lake. Labda aliandika kwamba wanawake wa vijijini wana haya.

Neno kamba lilikatazwa kabisa. Alisema katika teatri linaleta mkosi. Mchezo wetu ulikuwa na maziko ndani yake, na jeneza linashushwa kwa kamba, kwa hiyo waigizaji walikuwa wakiitana, "Weye, leta ile uzi munene!" Watu walikuwa wakiokotwa kando ya barabara, na yeye aliogopa neno kamba.

Alikuwa pia na gongo, fimbo nene ya mti. Kabla pazia halijafunguliwa alipiga sakafu ya mbao mara tatu, kwa sababu ndivyo wanavyofanya huko alikotoka. Onyesho la kwanza, gongo la tatu lilikuta nusu ya watazamaji wako chini ya mabenchi. Maman mmoja mnene alibanwa, wakamvuta kwa miguu. Mji mzima ulijua kwamba ukisikia mlio unalala. Direkteri alikasirika, akasema wananchi hawana elimu ya teatri. Gongo hakuliacha. Alianza tu kutangaza kwanza, "Hii itakuwa gongo, haiko bunduki," na watu wakaketi wakilingoja huku wamefumba macho na kukunja mabega. Aliona kwamba hayo ni maendeleo.

Mchezo wenyewe ulihusu msamaha. Wageni wenye magari meupe walikuwa wametoa kitambaa cha pazia na jeneza la mbao nyembamba, na walitaka kuona msamaha. Mjane alisimama mbele ya jeneza, kabla hata halijashuka, akasema: "Ewe mume wangu, nguzo ya maisha yangu, damu yako iwe mbegu ya amani, nami leo nawasamehe wote." Niliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na kila mara niliona aibu kwa ajili ya karatasi. Hakuna mwanamke wa kwetu anayemwita mume wake nguzo. Na huyo mjane alisamehe haraka namna ile kumsamehe nani? Hakuna aliyekuja kumwomba. Lakini wageni walipenda sana sehemu hiyo, wakaomba tuipeleke nje ya mji, Mudaka kwanza, halafu Katana.

Waliposema Mudaka niliinamia nguo za mchezo. Nilishona vifungo.

Tulifika asubuhi kwa lori, ambalo kwetu ni kamyo. Hapakuwa na ukumbi, tulifunga pazia kati ya miti miwili ya mikaratusi kwenye uwanja wa shule, chini ya mteremko. Mabenchi yaliwekwa mbele kwa ajili ya wageni na wakubwa. Watu wengine wote waliketi juu kwenye majani ya mteremko. Direkteri alitazama mabenchi akasema panafaa. Alizoea ukumbi wa sakafu bapa, hakuinua macho kuona kwamba watu wa juu wangetutazama utosini.

Kisha likaja jambo la jeneza. Lilikuwa tupu, na vijana wanne wa mchezo walilibeba kama sinia ya chai. Mjini walikuwa wameweka matofali, yakagongana ndani, watu wakacheka.

"Uzito lazima uonekane kwa magoti!" Direkteri alipiga kelele. "Mutafutie kintu nzito yenye haipige makelele."

Akamtuma mmoja wao, kijana wa mjini, kwenye shamba la jirani. Alirudi na shina la mgomba begani, limekatwa ncha zote mbili, linachuruzika utomvu. Ili lisiteleze ndani ya jeneza, Direkteri akaamuru livikwe shuka. Shuka jeupe. Nilijikuta nimesimama.

"Papa Direkteri, ile kintu hapa kwetu haiko ya kuchezea."

"Maman, hii iko aksesuari."

"Nasikia. Lakini ukiililia mbele ya batu..."

"Aksesuari," alisema tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Ni kintu cha jukwaa. Kisha mchezo inarudi kwa kamyo. Hayo mambo ya kijiji muache, ndiyo maana hatuendelee."

Nikaketi tena. Nilikuwa nimemwonya kwa uaminifu, na niliona moyo wangu ukifurahi kwamba hakunisikia. Hiyo furaha naiandika hapa kwa sababu ilikuwepo.

Mchezo ulianza mchana, baada ya tangazo la gongo. Kupitia tundu la pazia nilimwona shemeji yangu. Walimpa nafasi kwenye benchi, akakataa, akabaki juu kwenye mteremko ameegemea fimbo yake. Hakujua kama niko hapo. Vijana wanne wakaingia na jeneza, na kweli magoti yaliinama vizuri. Wakaliweka juu ya viti viwili, wakafungua kifuniko, kama ilivyoandikwa, ili mjane amwone mumewe kwa mara ya mwisho.

Wageni kwenye mabenchi waliona ubao wa pembeni tu. Watu wa mteremko waliona ndani. Nilisikia kishindo cha pumzi kule juu, kisha mzee mwanamke akasema kwa sauti ya kawaida, "Ni mugomba. Banazika nani?" Na mwingine, "Nyamaza, ngoja bataje jina."

Binti wa chuo akasogea mbele. Pumzi. Bega. Akafungua kinywa.

"Ewe mume wangu..."

Akasahau. Alisahau kila mara mahali hapohapo. Akaupeleka uso kulisi, kwangu, akiwa ametulia, kwa maana Direkteri alikuwa amemfundisha hivi: mwigizaji hafikiri, mwigizaji anachukua anachopewa na sufleri.

Ningeweza kusema upepo ulichukua karatasi. Haukuichukua. Ilikuwa mkononi mwangu, na mstari wa nguzo na mbegu ya amani ulikuwa chini ya kidole changu. Nilinong'ona maneno mengine.

"We mwenye bega moja ilianguka," nikasema.

"We mwenye bega moja ilianguka!" yeye akapaza sauti, ikafika safu ya mwisho na kupita.

"Siku kaka yako alikutuma juu ya nyumba, na mvua inanyesha, ukateleza."

Akarudia.

"Ukabeba chumvi kwa bega ya kuume myaka yote, hukumulaumu hata siku moja. Uliniambia utaleta mawese ya kukaangia samaki za sambaza. Nilinunua sambaza. Zilioza. Ulianguka mu mto ya watu, na hakuna mwenye alikuinua. Nakuita sasa. Nakuita."

Na nikamtaja kwa jina, lake na la baba yake. Binti akayarudia majina hayo kwa sauti yake kubwa iliyofundishwa, bila kujua anasema nini, na katikati ya neno la mwisho alianza kulia kweli, vibaya, kwa sauti kwanza, kama mshamba. Juu kwenye mteremko wazee wanawake wakashika vichwa. Kilio kikashuka kutoka huko kama mawe. Direkteri alikuwa kwenye kulisi ya pili, upande wake wa bustani, akinifanyia ishara ya mkasi kwa vidole: kata, kata, kata.

Shemeji yangu akaanza kushuka. Watu walimpisha. Alipita kati ya mabenchi ya wageni bila kuwasalimu, akakanyaga mbao za jukwaa na matope ya miguu yake.

"Papa! Papa! Rudi kwa nafasi yako!" Direkteri alinong'ona kwa hasira. "Hapa hapapitwe. Hapa kuko ukuta!"

Shemeji akasimama, akatazama kushoto na kulia. "Ukuta wa nani?"

Akasukuma pazia akaingia nilikokuwa. Alinitazama, akatazama karatasi.

"Ni weye ulimupa ule mutoto maneno?"

"Ni mimi, shemeji."

"Iko kwa karatasi?"

"Hapana."

"Nisomee karatasi."

Nikamsomea. Nguzo, damu, mbegu, nawasamehe wote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ule mutu wa karatasi ni nani?"

"Hakuna mutu."

"Basi umenichezea teatri mbele ya batu bangu wote."

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuja kwako mara tatu."

Nilidhani atanipiga na fimbo, na sikuinua mkono. Nilimdharau Direkteri kwa uongo wake, na nilikuwa nimetumia uongo uleule, kulisi ileile, mdomo wa mtoto wa watu. Shemeji alisugua uso kwa kiganja.

"Mama yetu alimukataza kupanda," akasema. "Ni mimi nilimutuma. Paa ilikuwa inavuja kwa kitanda yangu."

Kisha akageuka akaita majina ya wanaume wa mteremko, mmoja mmoja. Walishuka. Wakautoa mgomba ndani ya jeneza, umevikwa shuka, wakaubeba mabegani.

"Hiyo iko ya mchezo!" Direkteri akawafuata. "Kesho tuko Katana! Nitaweka nini ndani?"

"Mbao zako hizo, tumekuachia," shemeji akasema. "Jiingize mwenyewe."

Wanaume wakapita mbele ya mabenchi na mgomba, wanawake nyuma yao wakilia, na mimi nyuma ya wanawake. Hapo ndipo wageni waliposimama wakaanza kupiga makofi. Walipiga kwa nguvu na kwa muda mrefu. Mmoja alikuwa anafuta macho. Walidhani ni mwisho wa mchezo na kwamba tumeupanga vizuri. Niligeuka mara moja, nikamwona Direkteri. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya jukwaa lake, amewasikia, amefikiri kidogo, na alikuwa anainama. Akainama upande wa bustani, akainama upande wa ua.

Sijawahi kumchukia mtu. Lakini nikitaka kujua dharau ni nini, nakumbuka mgongo ule umeinama.

Shimo lilichimbwa nyuma ya nyumba ya shemeji, kati ya migomba yake. Udongo ulikuwa laini, haikuchukua muda. Walipotaka kuushusha, mtu akaomba kamba, na hakuna aliyeogopa neno lake. Ndipo shemeji akasema wangoje.

"Kichwa iko upande gani?"

Wanaume wakautua mgomba chini. Mkubwa wa familia akikata mgomba mwenyewe, anajua, kwa maana anauangalia ukiwa umesimama. Huu ulikatwa na kijana wa mjini, huku na huku, na njiani uligeuzwa mara nyingi. Wakafungua shuka. Ncha mbili zilifanana, nyeupe, zenye maji.

"Kwa mizizi ndiyo miguu," mmoja akasema.

"Na mizizi ni gani hapa? Zote iko sawasawa."

"Ile munene."

"Haiko munene, imevimba na maji."

Walibishana kama watu wanaopakia kamyo. Walipochoka, shemeji alinigeukia. Nilisogea, nikachuchumaa, nikashika ncha moja, nikashika na nyingine. Nikagusa moja kwa kiganja.

"Huku," nikasema.

"Unajua?"

"Sijui, shemeji."

Alichomeka fimbo yake udongoni. Halafu akawaonyesha wanaume waugeuze kama nilivyosema, na mgomba ukashuka. Akainama, akachota udongo kwa mkono wake mwenyewe, akamwita mdogo wake kwa jina.